Kopibuku moja, programu elfu: Mtihani wa kutunza msimbo wa pamoja wa tarakilishi kuu

MTEJA wa benki anapochomeka kadi kwenye mashine ya kutolea pesa jijini London au New York, aghalabu ombi lake husafiri hadi kwenye tarakilishi kuu, yaani ile mitambo mikubwa ambayo benki, kampuni za bima, mashirika ya ndege na idara za serikali za nchi zilizoendelea zimeitegemea tangu miaka ya sitini.

Wako wanaodhani kwamba mitambo hiyo ilizikwa zamani pamoja na kadi za matundu. La hasha. Kampuni ya IBM, iliyotangaza ukoo wa System/360 mnamo Aprili 7, 1964, ingali inaunda vizazi vya ukoo huo, na programu nyingi zilizoandikwa miongo kadhaa iliyopita zingali zinaendeshwa kila usiku kukokotoa riba, mishahara na malipo ya uzeeni.

Sehemu kubwa ya programu hizo imeandikwa kwa COBOL, lugha iliyoanza kubuniwa nchini Marekani mwaka wa 1959. Mnamo Aprili 2020, janga la corona lilipowaacha watu wengi bila kazi na maombi ya fidia yakafurika, Gavana wa New Jersey, Phil Murphy, alijitokeza hadharani kuomba wajuzi wa lugha hiyo wajitolee kusaidia.

Uhaba wa wajuzi, hata hivyo, ni nusu tu ya tatizo. Nusu ya pili, ambayo haizungumzwi sana nje ya vyumba vya wataalamu, ni namna ya kuutunza msimbo wenyewe, hasa ile sehemu yake inayotumiwa na programu nyingi kwa pamoja. Suala hili limezidi kuwa nyeti tangu mashirika mengi yaanze kuhamisha msimbo huo kutoka maktaba za zamani za mtambo na kuuweka katika hazina za kisasa za kudhibiti matoleo.

Ili kuelewa kiini cha mambo, ni vyema tuanze na rekodi. Tarakilishi kuu aghalabu huhifadhi habari za mteja kama mstari mrefu wa herufi na tarakimu zilizopangwa bila alama yoyote ya kuzitenganisha. Hakuna koma, wala hakuna jina la safu. Kinachoijulisha programu kwamba nambari ya akaunti inakomea hapa na salio linaanzia pale ni maelezo ya mpangilio yaliyoandikwa ndani ya msimbo wa programu yenyewe.

Kwa kuwa rekodi moja husomwa na programu nyingi, mathalani ya kukokotoa riba, ya kuchapisha taarifa za akaunti na ya kunusa ulaghai, haingekuwa busara kila mtaalamu aandike maelezo hayo upya. COBOL ina amri iitwayo COPY. Amri hiyo huiagiza kompaila, yaani programu inayoutafsiri msimbo kuwa lugha ya mashine, iyachukue maelezo kutoka faili moja ya pamoja na kuyabandika ndani ya programu inayotafsiriwa. Faili hiyo ya pamoja ndiyo wataalamu huiita kopibuku.

Jambo la kuzingatia hapa ni wakati. Kopibuku hubandikwa siku programu inapotafsiriwa, wala si siku inapoendeshwa. Ukiibadilisha leo, programu zilizotafsiriwa mwaka jana hazina habari. Zitaendelea kuisoma rekodi kwa macho ya mwaka jana hadi zitakapotafsiriwa upya.

Sh450 zageuka milioni mbili

Tuchukue mfano wa kubuni. Benki ina rekodi ya mteja yenye nafasi 80, idadi ileile ya safu zilizokuwa kwenye kadi ya matundu ya IBM. (Desturi za zamani haziagi upesi katika fani hii.) Nafasi ya 1 hadi ya 10 ni nambari ya akaunti. Ya 11 hadi ya 18 ni tarehe ya kufunguliwa kwa akaunti. Ya 19 hadi ya 27 ni salio, tarakimu mbili za mwisho zikiwa senti. Nafasi 53 zilizosalia ni akiba, zimeachwa wazi kwa mahitaji ya baadaye.

Siku moja idara ya mikopo inaomba tarehe ya malipo ya mwisho iongezwe. Mtaalamu anaihariri kopibuku na kuipachika tarehe hiyo mara tu baada ya ile ya kufungua akaunti, kwa kuwa anaona tarehe mbili zinapendeza zikikaa pamoja. Salio linasukumwa hadi nafasi ya 27 hadi ya 35. Akiba inapungua hadi nafasi 45, na urefu wa rekodi nzima unabaki 80 vilevile.

Sasa yupo mteja mwenye salio la Sh450 aliyelipa mara ya mwisho Machi 15, 2024. Katika rekodi mpya tarehe inaandikwa 20240315, ikifuatwa na salio, 000045000. Programu ya kuchapisha taarifa za akaunti, ambayo haikutafsiriwa upya, inasoma nafasi ya 19 hadi ya 27 kama ilivyozoea. Inachokiona ni 202403150. Kwa mujibu wake, mteja huyo ana Sh2,024,031.50.

Hakuna king'ora kinacholia. Tarakimu ni tarakimu, na mashine haina njia ya kujua kwamba hizi zilikuwa tarehe. Iwapo herufi zingeangukia mahali pa tarakimu, huenda programu ingesimama kwa hitilafu mashuhuri iitwayo S0C7, na mtu angeamshwa usiku wa manane kuitafuta. Iwapo urefu wa rekodi ungebadilika, mfumo ungeweza kukataa katakata kuifungua faili. Makosa ya kelele kama hayo ni afueni. Kosa linalotisha ni lile linalopita kimya na kuchapishwa kwenye taarifa za wateja laki moja.

Yamkini msomaji atauliza: kwa nini basi programu zote zinazoitumia kopibuku hiyo zisitafsiriwe upya papo hapo? Ndivyo inavyopasa. Lakini ni nani anayezijua zote?

Nyumba moja, kisha nyingi

Katika mazingira ya jadi, kopibuku zilikaa kwenye maktaba ndani ya mtambo wenyewe, kila moja ikiwa na jina lisilozidi herufi nane. Kompaila ilipewa orodha ya maktaba kwa mpangilio maalumu. Iliitafuta kopibuku katika maktaba ya kwanza, ikiikosa ikaenda ya pili, kisha ya tatu, na ikachukua nakala ya kwanza iliyokutana nayo. Maktaba ya majaribio iliwekwa mbele ya ile ya kazi rasmi, ili mtu aweze kujaribu mabadiliko yake bila kuwavuruga wenzake.

Juu ya maktaba hizo zilikaa programu za usimamizi kama vile Endevor na ChangeMan, zilizofuatilia ni nani aliyechukua faili gani kuihariri na ni lini mabadiliko yaliidhinishwa kupanda ngazi. Utaratibu huo ulikuwa na kero zake. Ulikuwa mzito, na vijana waliotoka chuoni waliushangaa kama watu wanaoonyeshwa taipureta. Lakini ulikuwa na sifa moja ambayo thamani yake hujulikana ikishapotea: palikuwa na mahali pamoja pa kutazama.

Kisha ikaja Git. Linus Torvalds, mwasisi wa Linux, aliianzisha mnamo Aprili 2005 ili kusimamia msimbo wa mfumo wake, na katika muda wa takriban miaka kumi ikawa ndiyo lugha ya kawaida ya watayarishaji programu karibu kila mahali. Kampuni ya Rocket Software iliiandaa iweze kutumika kwenye z/OS, mfumo endeshi wa tarakilishi kuu za IBM, na mashirika yakaona njia ya kuwavutia vijana wasiotaka kusikia habari za maktaba zenye majina ya herufi nane.

Git hupendelea msimbo ugawanywe katika hazina, na kila timu huwa na yake: ya mikopo, ya amana, ya kadi. Katika ulimwengu wa rununu na tovuti, ugawaji huo si tatizo kubwa. Katika tarakilishi kuu, mtu huanza kuchora mipaka na mara anagundua kwamba kopibuku ya rekodi ya mteja inatumiwa na timu saba. Ikae katika hazina ya nani?

Jibu la haraka, ambalo kwa maoni yangu ndilo baya kuliko yote, ni kila timu kubeba nakala yake. Siku ya kwanza nakala zote saba zinafanana. Baada ya miezi sita, timu moja imeongeza sehemu mpya, nyingine imesahihisha urefu wa jina, na ya tatu haijagusa kitu. Zote zinadai kuieleza rekodi ileile. Huo ni mfano wetu wa Sh450, isipokuwa sasa umewekewa utaratibu rasmi.

Jibu la pili ni kuweka kila kitu katika hazina moja kubwa. Si wazo la kipuuzi hata kidogo. Wahandisi wa Google walieleza katika makala ya mwaka wa 2016 kwamba kampuni yao huweka karibu msimbo wake wote mahali pamoja, wakati huo ukiwa mistari takriban bilioni mbili. Lakini Google haikutumia Git kwa kazi hiyo. Iliunda mfumo wake yenyewe, na benki ya kawaida haina uwezo huo.

Fauka ya hayo, aliyeruhusiwa kuisoma hazina ya Git huisoma yote. Ni vigumu kumshawishi mkaguzi wa benki kwamba mtu wa kandarasi aliyeletwa kurekebisha ripoti moja anastahili kuuona msimbo wa kugundua ulaghai. Kwa shirika lenye programu mia mbili tatu zinazohusiana, hata hivyo, ningechagua hazina moja bila kusita.

Jibu la tatu, ambalo mashirika makubwa huishia kulichagua, ni kuzitenga kopibuku za pamoja katika hazina yake yenyewe, yenye mwenyewe anayejulikana, na hazina nyingine zote kuchota kutoka humo wakati wa kutafsiri programu. Hapa yale majina ya herufi nane hurudi kudai haki yake. Timu mbili ambazo hazikuwahi kukutana huenda kila moja ina kopibuku iitwayo CUSTREC. Kwa kuwa kompaila bado huchukua ya kwanza inayoiona, mpangilio wa orodha ndio unaoamua rekodi itasomwaje. Kwa hiyo kazi ya kwanza kabla ya kuhamia Git huwa ni ya kikarani: kuorodhesha majina yote, kutafuta yanayogongana, na kuamua lipi libadilishwe.

Mtego wa toleo lililofungwa

Hapa ndipo wageni wengi kutoka ulimwengu wa kisasa hujikwaa, na panastahili kuelezwa kwa utulivu.

Katika programu za kawaida za leo, desturi njema ni kufunga toleo. Mradi husema, “Mimi natumia toleo la 2.3 la maktaba hii,” na hata kama mwenye maktaba akitoa la 3.0, mradi haushtuki. Kila mmoja hupanda kwa wakati wake. Umuhimu wa desturi hiyo ulionekana Machi 2016, wakati kipande cha msimbo chenye mistari 11 tu, kiitwacho left-pad, kilipoondolewa na mwenyewe kwenye hazina ya umma ya npm na miradi mingi duniani ikashindwa kujengwa.

Mtu aliyelelewa katika desturi hiyo akikabidhiwa kopibuku za benki, atafanya alivyofunzwa. Timu ya mikopo itafungiwa toleo la 5, timu ya taarifa za akaunti itabaki na toleo la 4 hadi ipate nafasi. Mpango unaonekana nadhifu, nao ni hatari tupu. Kopibuku ya namna hii haileti kazi fulani ndani ya programu, bali inaeleza sura ya faili iliyopo nje, na faili hiyo ni moja. Haiwezi kuwa na sura ya toleo la 4 na la 5 kwa wakati mmoja. Faili ikishageuzwa, kila programu iliyofungiwa toleo la 4 inasoma uongo.

Ndiyo maana inafaa kuzipanga kopibuku kulingana na kile zinachokieleza. Zipo zinazotumiwa ndani ya timu moja tu. Hizo zikae na timu na zibadilishwe ipendavyo. Zipo zenye vipande vya kazi, kama vile hatua za kukagua tarehe. Hizo zinaweza kufungiwa matoleo bila madhara makubwa. Na zipo zinazoeleza faili za pamoja au ujumbe unaopita kati ya programu za timu tofauti. Hizi za mwisho ni mkataba. Hazipaswi kuwa na toleo rasmi zaidi ya moja kwa wakati mmoja, na anayetaka kuzibadilisha anapaswa kupata idhini ya kila anayezitumia.

Wazee wa COBOL waliijua njia ya kupunguza uchungu huo kabla ya Git kuwazwa, na kwa hilo wanastahili heshima kuliko wanayopewa. Sehemu mpya huwekwa mwishoni, ikichukua nafasi kutoka kwenye akiba, na kilichokuwapo hakisogezwi. Katika mfano wetu, iwapo tarehe ya malipo ya mwisho ingeandikwa kuanzia nafasi ya 28, programu ya zamani ingeendelea kulikuta salio palepale na isingejua kwamba kuna jambo lililotokea. Zinazoihitaji tarehe mpya zingetafsiriwa upya mara moja, zilizosalia zingengoja zamu yake.

Akiba ikiisha, hakuna ujanja. Lazima faili igeuzwe na programu zote zibadilishwe kwa pamoja, aghalabu usiku mmoja wa wikendi, huku njia ya kurudi nyuma ikiwa imejaribiwa mapema.

Suala hilo la kurudi nyuma si la nadharia. Mnamo Juni 2012, kundi la benki za RBS nchini Uingereza, likiwemo la NatWest na Ulster Bank, liliboresha programu inayopanga kazi za usiku za mitambo yake. Matatizo yalipojitokeza, mafundi waliamua kuyaondoa mabadiliko hayo bila kwanza kujaribu matokeo ya hatua hiyo. Ikabainika kwamba toleo jipya na la zamani hayakupatana. Zaidi ya wateja milioni 6.5 waliathirika, baadhi wakishindwa kuzifikia akaunti zao au kulipwa mishahara kwa siku kadhaa, na Novemba 2014 wasimamizi walilitoza kundi hilo faini ya jumla ya pauni milioni 56. Kilichokosana pale hakikuwa kopibuku, lakini ugonjwa ni wa ukoo uleule.

Ramani ya nani anamtegemea nani

Turudi kwa swali tuliloliacha: ni nani anayezijua programu zote zinazoitumia kopibuku fulani? Zamani jibu lilikuwa kichwani mwa mtu mmoja aliyekaribia kustaafu. Leo vipo vyombo vinavyosoma msimbo wote na kuchora ramani. IBM, kwa mfano, ina kimoja kiitwacho Dependency Based Build, ambacho hukagua kila faili, hukumbuka inaitumia kopibuku ipi, na kopibuku moja ikibadilishwa hutafsiri upya zile programu zinazoguswa tu.

Ramani hiyo ina ugumu wa aina mbili. Kwanza, kopibuku yaweza kuiita kopibuku nyingine ndani yake, nayo ikaiita ya tatu, hivyo uhusiano lazima ufuatwe hadi mwisho wa mnyororo. Pili, programu nyingine huunganishwa na programu ndogo wakati wa kujengwa, zikawa kitu kimoja. Programu ndogo ikitafsiriwa upya, ile kubwa nayo lazima iunganishwe upya, la sivyo itaendelea kubeba nakala ya zamani tumboni. Zile zinazoitana wakati wa kuendeshwa hazina mzigo huo.

Lililo muhimu zaidi, ramani iliyochorwa kutoka hazina moja huona hazina hiyo tu. Timu ya kopibuku ikibadilisha faili yake, chombo kitaripoti kwa unyofu kwamba hakuna programu iliyoguswa, kwa kuwa katika hazina ile hamna programu. Ramani za hazina zote hazina budi kuunganishwa mahali pamoja, na ziunganishwe upya kila msimbo unapobadilika. Hiki ndicho kipengele ambacho mashirika hukiahirisha, kwa sababu hakina timu inayokimiliki.

Kuna jambo dogo la herufi pia. Tarakilishi kuu huandika herufi kwa mfumo wa EBCDIC, ilhali hazina za Git huhifadhi kwa mifumo ya kawaida ya dunia, hasa UTF-8. Faili hutafsiriwa ikitoka na ikirudi. Kopibuku nyingi huvuka salama, lakini zile za zamani ambazo mtu alizitia herufi za siri zisizoonekana kwenye skrini huharibika njiani, na uharibifu wake hugunduliwa baadaye.

Hatimaye kuna suala la uthibitisho. Mkaguzi akiuliza programu inayoendeshwa sasa ilitafsiriwa kwa kopibuku ya toleo gani, shirika makini huwa limeipachika ndani ya programu ile nambari ya kipekee ambayo Git huipa kila badiliko, moja ya hazina ya timu na nyingine ya hazina ya pamoja. Kwa programu mpya, hilo ni rahisi.

Kwa zile za zamani, kazi ni ya kuchosha. Wakati wa kujiandaa kwa mwaka wa 2000, mashirika yaliyokuwa yakitafuta kila mahali mwaka ulipoandikwa kwa tarakimu mbili yaligundua kwamba baadhi ya programu zilizokuwa zikiendeshwa hazikuwa tena na msimbo wake. Wanaohamia Git hukutana na hali hiyohiyo. Kabla ya kuitangaza hazina kuwa ndiyo rasmi, huutafsiri msimbo uliomo kwa kompaila ya toleo lilelile, kisha huulinganisha na programu inayotumika, wakipuuza tofauti za tarehe. Usipolingana, huanza kujaribu nakala za zamani za kopibuku moja baada ya nyingine, hadi ipatikane iliyotumiwa siku ile.